Vyombo Vizito vya Mazoezi: Namna ya Kuvihamisha Bila Kuvunja Mgongo

Uhamisho ni ndugu wa kazi ya askari. Amri hufika leo, na kabla ya juma kwisha jamaa nzima hutakiwa iwe imekwisha kufunga mizigo, kuagana na majirani na kupanda gari kuelekea wilaya nyingine. Akina mama wa kambini wamekuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wanajua namna ya kufungia sahani katika kanga zisivunjike, namna ya kupanga sufuria moja ndani ya nyingine, hata namna ya kumsafirisha kuku mchana kutwa akafika angali hai. Lakini miaka hii vimeingia nyumbani mwetu vyombo ambavyo bibi zetu hawakuvijua, wala hapana mtu aliyetufundisha namna ya kuvihamisha. Navyo ni vyombo vya mazoezi ya mwili: mashine ya kukimbilia, baiskeli isiyokwenda mahali, benchi la chuma, mtaimbo na sahani zake nzito.

Si ajabu kwamba vyombo hivi vimepata makao katika nyumba za askari. Hapa Uganda michezo na majeshi ni mtu na nduguye. John Akii-Bua, aliyeipatia nchi hii medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, mjini Munich mwaka 1972, alikuwa askari polisi. Alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, muda ambao hapana mwanadamu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni mjini London mwaka 2012, alitoka katika jeshi la magereza. Na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, naye ni mtu wa polisi. Kijana wa kambini akikua huku akiyasikia majina hayo, hana budi kutafuta chuma cha kunyanyua.

Shida haiko katika kuvitumia vyombo hivyo. Shida huanza siku ya kuvihamisha. Mtu aliyezoea kunyanyua kilo 80 juu ya benchi hudhani kwamba mashine ya kilo 80 ni kitu kile kile. Sivyo hata kidogo. Mtaimbo ulitengenezwa ili uinuliwe: unashikika vyema, uzito wake umelingana pande zote mbili, na mnyanyuaji amesimama mahali pakavu palipo sawa. Mashine haikutengenezwa ili iinuliwe: haina pa kushika, uzito wake umeelemea upande mmoja, nayo hupitishwa katika mlango mwembamba, juu ya ngazi na juu ya tope. Mgongo uliohimili vyuma kwa miaka kumi waweza kuharibika kwa dakika moja. Na kwa askari, mgongo ndio jembe lake.

MASHINE ILIYOANZA KUWA ADHABU

Huenda msomaji akacheka akijua asili ya mashine ya kukimbilia. Babu yake ni chombo cha gerezani. Mhandisi Mwingereza William Cubitt alikibuni mnamo mwaka 1818 ili wafungwa wasikae bure. Katika gereza la Brixton, mjini London, kilifungwa mwaka 1821, na wafungwa walilazimishwa kupanda vidato vya gurudumu kubwa ambavyo havikuwa na mwisho, wakisaga nafaka kwa nguvu za miguu yao. Adhabu hiyo ilikomeshwa huko Uingereza kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898. Karne iliyofuata ikaja na mawazo mapya. Daktari Kenneth Cooper wa Jeshi la Anga la Marekani alitoa kitabu mwaka 1968 akiwahimiza watu wakimbie kwa ajili ya afya ya moyo na mapafu, na mashine za kukimbilia zikaanza kupata nafasi majumbani. Chombo kilichokuwa adhabu kikageuka kuwa dawa. Kazi yetu leo ni kuhakikisha kwamba hakirudi kuwa adhabu siku ya uhamisho.

JUA UZITO KABLA YA KUINUA

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya kubuni. Baba ni sajini, naye yuko Somalia, ambako askari wa Uganda wamekuwa wakitumikia tangu mwaka 2007. Mama yuko kambini na watoto watatu. Amri imekuja kwamba nyumba yatakiwa, na gari litafika Jumamosi alfajiri. Mama ametazama chumba cha nyuma na kukuta hazina ya mumewe: mashine ya kukimbilia, benchi, mtaimbo na sahani zake, na madebe mawili yaliyojazwa zege ambayo vijana huyaunga kwa bomba la maji na kuyanyanyua jioni.

Jambo la kwanza si kuita watu. Jambo la kwanza ni kalamu na karatasi. Mashine ya kukimbilia huwa na kibandiko chenye uzito wake. Hii ya sajini imeandikwa kilo 90, na ziko zinazopita kilo 120. Mtaimbo wa mashindano wa wanaume una kilo 20, na wa wanawake kilo 15. Sahani huandikwa uzito wake usoni. Sajini anazo mbili za kilo 20, mbili za kilo 15, mbili za kilo 10 na mbili za kilo 5, jumla kilo 100. Benchi ni kilo 25.

Madebe ya zege hayana kibandiko, lakini hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zege ina uzito upatao kilo 2.4. Basi debe la lita 20, ambalo likijaa maji mama hulitwika kichwani kila siku, likijaa zege ni kilo 48, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji. Chuma kinazidi hapo: lita moja ya chuma ni karibu kilo 8. Ndiyo sababu sahani ndogo humdanganya mtu. Macho huona kitu kidogo, mikono hujiandaa kwa kitu kidogo, na mgongo ndio unaolipa tofauti.

Sasa tujumlishe: kilo 90 za mashine, kilo 20 za mtaimbo, kilo 100 za sahani, kilo 25 za benchi na kilo 96 za madebe. Jumla ni kilo 331, yaani zaidi ya mifuko sita na nusu ya saruji, ndani ya chumba kimoja. Mama akiisha kuiona hesabu hiyo hatasema tena, "Tutabeba tu."

MGONGO NI MZANI

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane. Mtu anapoinama na kuinua kitu, pingili za kiunoni hufanya kazi kama kitovu cha mzani. Mbele ya kitovu hicho uko mzigo. Nyuma yake iko misuli ya mgongo. Lakini misuli hiyo iko karibu mno na kitovu, umbali upatao sentimita 5 tu. Mzigo wa kilo 20 ukishikwa sentimita 40 mbele ya kiuno, uko mbali mara nane zaidi kuliko misuli. Hivyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na kilo 160 ili mzani usianguke, mbali na uzito wa kifua na kichwa chenyewe. Nguvu hiyo yote hukigandamiza kile kisahani cha gegedu.

Mtu huyo huyo akiukumbatia mzigo huo huo karibu na tumbo, umbali hupungua kwa nusu, na nguvu hupungua kwa nusu. Mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni mahali ulipo. Hiyo ndiyo siri yote ya kubeba. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kweli vyuma vingi hukaa mvunguni. Lakini ainame kwa magoti na nyonga, si kwa kiuno. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mguu mmoja mbele kidogo, mgongo ubaki umenyooka, mzigo uletwe mwilini, kisha miguu ndiyo inyanyue. Na mtu asipinde kiuno akiwa na mzigo mikononi. Akitaka kugeuka, ageuze nyayo zake kwanza. Kuinua na kupinda kwa wakati mmoja ndiko kunakovunja watu.

Idara ya usalama kazini ya Uingereza hutoa mwongozo huu: mzigo ulioshikwa karibu na mwili kwenye kimo cha viwiko, kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, mzigo unaookotwa karibu na ardhi, kilo 10 kwa mwanamume na kilo 7 kwa mwanamke. Shirika la Kazi Duniani nalo, mwaka 1967, lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 katika kazi yoyote. Wachukuzi wetu wa sokoni hubeba magunia yanayozidi hapo, ndiyo. Lakini waulize hali ya viuno vyao wakifika miaka hamsini.

WATU WAWILI SI NGUVU MBILI

Wengi hudhani kwamba kama mtu mmoja aweza kilo 25, basi wawili waweza 50 na watatu waweza 75. Hesabu hiyo ni sahihi darasani, lakini si mlangoni. Watu hawainui kwa wakati mmoja, hawana kimo kimoja, na hukanyagana. Mwongozo ule ule wa Uingereza husema kwamba watu wawili wana theluthi mbili ya jumla ya nguvu zao, na watatu wana nusu yake tu. Kwa hiyo wanaume wawili ni kilo 33, na watatu ni kilo 37 hivi.

Maana yake ni kwamba mashine ya kilo 90 haipaswi kubebwa mikononi ikiwa nzima. Yatakiwa ivunjwe vipande, au ipewe magurudumu, au vyote viwili. Aitaye majirani sita waibebe juu juu kama jeneza hajapunguza hatari. Ameigawa kwa watu sita.

BANDU BANDU HUMALIZA GOGO

Tuanze na sahani. Mtaimbo uliolala juu ya vishikizo vya benchi usivuliwe sahani zote za upande mmoja, kwani upande wa pili utaanguka na mtaimbo utaruka juu kama mti wa mtego. Vua moja kushoto, kisha moja kulia, hadi mwisho. Sahani ya kilo 20 ibebwe peke yake, imekumbatiwa kifuani. Ndogo zifungwe mbili mbili katika magunia madogo yenye nguvu. Usizitie zote katika sanduku moja kubwa: litakuwa na kilo 100, chini yake itatoboka, na zitakazoangukiwa ni nyayo za watu.

Mashine ya kukimbilia ichomolewe kwenye umeme kwanza, wala si kuzimwa tu. Ufunguo wake mdogo wa usalama utolewe na kutiwa mfukoni mwa mtu mzima, kwani bila ufunguo huo mkanda hauwezi kuzunguka hata mtoto akiuchezea. Kifuniko cha mota kisifunguliwe, kwa kuwa ndani mna vifaa vinavyoweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Piga picha kwa simu ya kila mahali penye waya na bolti kabla ya kulegeza chochote. Bolti na nati zitiwe katika mfuko mmoja, na mfuko ufungwe kwenye chuma cha mashine yenyewe. Mifuko ya bolti inayowekwa "mahali pazuri" ndiyo isiyoonekana tena.

Zile ambazo ubao wake hukunjwa, ukunje hadi kijiti cha kufungia kisikike kimeingia, kisha uuzungushie kamba imara juu ya hapo. Usikiamini kijiti peke yake, maana kikichomoka njiani ubao huanguka kama mlango wa mtego, na vidole vikiwa katikati havina la kusema. Mota huwa upande wa mbele, na huko ndiko kwenye uzito. Mashine nyingi zina magurudumu mawili madogo upande huo. Iegemeze juu yake na kuisukuma polepole. Usiishike kwa kioo chake cha namba, wala kwa mkanda, wala kwa vishikio vya plastiki. Shika chuma cha fremu.

Baiskeli ya mazoezi ina gurudumu zito mbele, nayo husukumwa kwa njia hiyo hiyo. Mashine ya kuvuta vyuma kwa waya na kapi ivuliwe vyuma vyake kimoja kimoja kabla ya kuguswa fremu, na waya zilegezwe kwanza, kwani waya uliokazwa hupiga kama kiboko.

AMRI MOJA, SAUTI MOJA

Kabla ya kuinua chochote, tembea njia yote ukiwa mikono mitupu. Ondoa mkeka, viatu vya watoto na beseni la maji. Pima mlango kwa kamba, kisha pima mashine kwa kamba hiyo hiyo. Askari wa zamani wa Uganda watakumbuka vile vibanda vya bati vya mviringo vilivyopewa jina la "mama ingia pole," kwa sababu mlango wake ulimlazimisha mtu kuinama na kwenda taratibu. Jina hilo ni mafundisho tosha kwa kila abebaye mzigo mlangoni, hata katika nyumba ya matofali.

Awepo kamanda mmoja tu, naye asibebe. Kazi yake ni kuona na kusema: "Tayari? Inua! Simama! Tua!" Mtu yeyote akihisi mkono unateleza, aseme "Tua" bila kuona haya, na wote watue. Anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa ndiye anayewaumiza wenzake. Wote wavae viatu vilivyofunika vidole. Buti ni bora, na kandambili zibaki mlangoni. Kwenye ngazi, mashine iteremshwe kidato kimoja kimoja, kamba ikiwa imezungushwa kwenye fremu na kushikwa na watu wawili walio juu. Mwenye kuongoza chini asimame ubavuni, asisimame mbele ya mzigo. Na mashine ikianza kuponyoka, aiache iende. Mashine hununuliwa tena.

KUPANDISHA NA KUFUNGA GARINI

Sakafu ya lori huwa juu kwa kiasi cha mita moja. Kuinua kilo 90 hadi hapo ni kazi isiyo na akili ikiwa kuna mbao. Tafuta mbao mbili nene zenye urefu wa mita 4, zilaze kutoka garini hadi chini, zifunge zisiteleze, na uisukume mashine juu yake. Kwa mwinuko huo, nguvu itakiwayo hupungua hadi robo ya uzito, yaani kilo 23 hivi, pamoja na ukinzani wa msuguano. Ikiwa kuna kingo ya ardhi au kichuguu kilichosawazishwa, dereva na arudishe gari hadi hapo, na kimo kitapungua tena. Mtu asisimame kamwe chini ya mbao wakati mzigo uko juu yake.

Ndani ya gari, vizito vikae chini kabisa, katikati, vikiegemea ukuta wa mbele. Magunia ya sahani yapangwe sakafuni, si juu ya masanduku. Mashine ifungwe kwa kamba pande zote mbili.

Hapa niseme jambo zito kuliko yote. Tumezoea kuwaona watoto na akina mama wamekaa juu ya mizigo nyuma ya lori. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila kitu ndani yake kinakwenda mwendo huo. Likisimamishwa ghafula, gari husimama lakini chuma kisichofungwa huendelea. Sahani ya chuma katika mwendo huo ina nguvu ile ile ambayo ingekuwa nayo kama ingeanguka kutoka kimo cha mita 14, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa nne. Hapana mtoto anayepaswa kukaa katika njia ya chuma hicho. Watoto na wapande basi, au wakae mbele na dereva kama iko nafasi halali. Wasisafiri pamoja na vyuma.

MAMA ASIACHIWE MZIGO WA BABA

Tumrudie yule mama wa mfano wetu. Mume amepiga simu kutoka kambini kwake ng'ambo, akasema, "Waiteni vijana wawili, ni kazi ya dakika kumi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Aliye mbali haoni ngazi, haoni tope, wala haoni kwamba mkewe ana mimba ya miezi mitano.

Mwanamke mwenye mimba asishike vyombo hivi hata kwa upande mmoja. Mwili wake hulegeza kano za viungo ili kujiandaa kwa kuzaa, na kitovu cha uzito wake kimesogea mbele. Kiuno chake ni rahisi kuumia, naye ni rahisi kuanguka. Heshima yake siku hiyo ni kuwa kamanda: ana karatasi yenye uzito wa kila kitu, yeye ndiye asemaye "Inua" na "Tua." Watoto wapelekwe kwa jirani hadi gari liondoke. Na vijana walioitwa walipwe haki yao, waonyeshwe uzito ulioandikwa kabla ya kukubali, wala wasidanganywe kwamba "ni kitu kidogo." Nao ni watoto wa watu, nao wana migongo.

Kwa akina baba nawasihi jambo moja. Kabla ya kwenda safari ndefu ya kazi, andika hati fupi na kuibandika nyuma ya mlango: vyombo vilivyomo, uzito wa kila kimoja, spana zilipo, namna ya kukunja mashine, na jina la rafiki aliyekubali kusaidia. Hati hiyo ni nusu saa ya kazi. Aliyenunua chombo kizito na kumwachia mwenziwe akihamishe bila maelezo, amejijengea mwili kwa kuhatarisha mwili wa mwingine.

MKIISHA KUFIKA

Msiwe na haraka ya kuwasha. Tazameni kwanza kibandiko cha umeme: umeme wetu wa majumbani ni volti 240, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda ni ya volti 120, ikichomekwa moja kwa moja itaungua. Plagi iwe na waya wa ardhini, na mashine ichomekwe katika soketi yake yenyewe. Sakafu iwe imara na sawa. Mashine ikiyumba, mkanda huenda upande mmoja na kuchakaa. Iwasheni bila mtu juu yake, kwa mwendo mdogo kabisa, mkautazame mkanda kwa dakika chache, mkikaza bolti zilizolegezwa na safari.

Nyuma ya mashine iachwe nafasi tupu ya mita 2, ili anayeteleza asibanwe ukutani. Na mtoto asikaribie ikiwa inazunguka. Mwezi wa Mei mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliziita zirudishwe mashine zake zipatazo 125,000 za aina ya Tread+, baada ya mtoto mmoja kufariki na wengine kuumia kwa kuvutwa chini yake. Ufunguo ule wa usalama uliotiwa mfukoni siku ya kuhama uendelee kukaa mbali na mikono ya watoto siku zote.

MTU AKIUMIA

Maumivu ya kiuno baada ya kubeba hutokea, na mengi hupungua katika siku au majuma machache. Zamani watu waliambiwa walale kitandani hadi wapone. Leo waganga hushauri mtu aendelee kutembea polepole na kufanya kazi nyepesi, kwani kulala sana hudhoofisha misuli. Lakini ziko dalili zisizongoja: miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwani neva zinabanwa na kuchelewa kwaweza kuleta ulemavu. Vivyo hivyo, uvimbe unaotokea kinenani baada ya kunyanyua kitu ni alama ya ngiri. Ukiwa mgumu, unauma na mtu anatapika, asingoje asubuhi. Aliyeangukiwa na chuma mguuni akashindwa kukanyaga asikandwe. Apigwe picha ya mifupa.

CHA KUACHA NYUMA

Limebaki swali moja katika karatasi ya mama: madebe mawili ya zege, kilo 96. Je, yapakiwe? Hapana. Saruji na kokoto zipo kila wilaya, na debe bovu halikosekani. Aliyasafirishaye amelipia gari lichukue mawe. Yaachwe kwa vijana wanaobaki kambini, yawe kumbukumbu ya jirani mwema. Kwa kuyaacha, mzigo wa vyuma hushuka kutoka kilo 331 hadi 235.

Na ukiwa u mtu wa kuhamishwa mara kwa mara, zingatia hili kabla ya kununua chuma kingine. Debe la maji la lita 20, lenye mfuniko mzuri, ni uzito wa kilo 20 kamili. Ukilijaza nusu, ni kilo 10. Ukilijaza mchanga mkavu, linapita kilo 30. Siku amri ya uhamisho ifikapo, unalimwaga, unalishika kwa kidole kimoja, na unapanda gari. Ukifika unalijaza tena kwenye bomba la huko. Mwili hautambui kama uzito ulionunuliwa dukani au ulichotwa mtoni.

Basi, ndugu askari na jamaa zenu, nguvu ni zawadi njema, nayo hujengwa kwa jasho la miaka. Isipotezwe kwa dakika kumi za papara mlangoni. Andikeni uzito, vunjeni vipande, tumieni magurudumu na mbao, mteueni kamanda mmoja, na msimwachie mwenye mimba wala mtoto sehemu yoyote ya kazi. Uhamisho mwema.